Alishona, hakubuni: Hugo Boss kutoka cherehani sita hadi jumba la mitindo

Swali la msomaji:

"Shikamoo, Mwalimu. Mimi ni fundi cherehani, huu ni mwaka wa sita niko kwenye kazi hii. Juzi mteja aliniletea koti la Hugo Boss nimpunguzie mikono. Kijana mmoja aliyekuwa amekaa pale akasema huyo Boss ndiye aliyebuni zile sare nyeusi za SS za Hitler. Mwenzake akabisha, akasema kampuni hiyo ni ya juzi tu na ilianza na manukato. Ukweli uko wapi? Karakana ya familia ilifikaje kuwa jumba la mitindo linalojulikana dunia nzima? Na hela ya koti kama lile bado inaingia mfukoni mwa ukoo wa Boss?"

Jibu:

Marahaba, fundi. Wabishi wako wote wawili wamekosea, ila wa kwanza amekosea akiwa karibu na ukweli, wa pili amepotea kabisa. Hugo Boss hakubuni sare za SS, kile kikosi cha ulinzi cha chama cha Hitler. Alizishona, yeye pamoja na maelfu ya wenye viwanda na mafundi wengine wa Ujerumani nzima. Manukato ya kwanza yenye jina lake yalitoka mwaka 1984, na wakati huo mwenye jina alikuwa kaburini miaka 36. Hela ya koti haiendi kwa ukoo wake. Inakokwenda nitakwambia mbele.

Ila ukiishia hapo utakuwa umepata la kumshinda mtu kwenye ubishi, basi. Wewe ni fundi, kwa hiyo nitakupitisha kwa maswali ya fundi: nani alitoa oda, nani alikata, nani alishona, nani alilipwa. La mwisho hilo ndilo linalouma.

Tuanze Metzingen. Ni mji mdogo wa kusini mwa Ujerumani, kwenye nchi ya Waswabia, chini ya milima ya Alb, mto Erms ukiupitia. Upande ule watu wamekula kwa nguo tangu zamani: kusokota, kufuma, kushona. Hugo Ferdinand Boss alizaliwa hapo tarehe 8 Julai 1885, kitinda mimba wa watoto watano. Wazazi wake walikuwa na duka la nguo za ndani na vitambaa vya nyumbani, mashuka na vile vitu ambavyo bibi harusi alipaswa kuingia navyo kwa mumewe. Hugo alisomea biashara, akafanya kazi kwenye kiwanda cha kufuma huko Konstanz, na mwaka 1908 akachukua duka la wazazi.

Hapo simama kidogo. Watu hupenda kusema "fundi Boss", kana kwamba alikuwa na tepu shingoni na sindano mdomoni. Alikuwa mfanyabiashara wa nguo aliyeajiri wanaojua kushona. Tofauti hiyo wewe huhitaji kufundishwa: mwenye karakana anaweza kuishi na kufa bila kujua kupachika mkono wa koti.

Vita ya Kwanza ya Dunia alipigana, akamaliza akiwa koplo. Mwaka 1924 kiwanda chake cha nguo kikaanza kazi Metzingen. Ukisikia kiwanda usifikirie bomba la moshi na king'ora. Ilikuwa karakana ya washonaji kati ya 20 na 30, wakitoa mashati, makoti ya mvua, nguo za kazi na za michezo. Oda iliyokuja ndiyo iliyoshonwa. Mmoja wa walioleta oda kubwa mapema alikuwa msambazaji wa nguo wa Munich aitwaye Rudolf Born, aliyetaka mashati ya kahawia kwa ajili ya chama kimoja cha Bavaria, kidogo wakati huo na chenye makelele mengi. Kilikuwa chama cha Hitler.

Rangi ile ya kahawia, kwa njia, ina mzizi unaopita kwetu. Mashati ya mwanzo ya wanamgambo wa chama, wale SA, yalitokana na shehena ya nguo za kijeshi za nchi za joto zilizobaki bila wa kuzivaa baada ya Ujerumani kupokonywa makoloni. Yaliitwa mashati ya Lettow, kwa jina la Paul von Lettow-Vorbeck, jemadari yuleyule aliyeongoza jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki kuanzia 1914 hadi 1918. Chama kilipozidi kukua shehena ile haikutosha, ikabidi yashonwe mengine.

Kisha ukaja mdororo wa uchumi. Mwaka 1931 Boss alishindwa kulipa madeni. Katika mapatano na waliomdai aliachiwa cherehani sita aanze upya. Mwaka huohuo, tarehe 1 Aprili, alijiunga na chama cha Nazi, akapewa namba 508,889.

Namba hiyo usiipite haraka. Miaka mingi baadaye, mwaka 1997, mwanawe aliyekuwa tayari mzee aliwaambia waandishi kwamba ndiyo, baba yake alikuwa mwanachama, lakini nani hakuwa? Namba yenyewe inajibu. Mwaka 1931 Hitler alikuwa bado hajashika serikali. Ujerumani ilikuwa na watu zaidi ya milioni 60, na waliokuwa wameandikishwa mbele ya Boss walikuwa kama nusu milioni. Kwa hiyo wengi hawakuwa. Wapo wanaosema alifuata tumbo, na mtu aliyebakiwa na cherehani sita namwelewa akitafuta oda popote. Ila waliopekua nyaraka zake wamemkuta pia akiwa muumini wa chama, mtu aliyeamini alichokishonea. Mambo hayo mawili yalikaa ndani ya mtu mmoja bila kugombana.

Sasa sare nyeusi. Ilianza kutumika mwaka 1932, na waliohusishwa na ubunifu wake ni wawili: Karl Diebitsch, msanii ambaye baadaye alijihusisha na kiwanda cha vyombo vya kauri cha Allach kilichokuwa chini ya SS, na Walter Heck, mchoraji wa nembo. Ni huyo Heck aliyeziweka pamoja zile alama mbili zinazofanana na radi, na inasemekana alilipwa Reichsmark (hela ya Ujerumani ya wakati ule) 2 na nusu kwa kazi hiyo. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa mfanyakazi wa Boss.

Na hata Boss angetaka kubuni, asingeruhusiwa. Chama kilikuwa na ofisi Munich iitwayo Reichszeugmeisterei, kwa kifupi RZM, ambayo kazi yake ilikuwa kudhibiti kila kitu kilichovaliwa na wanachama wake: kitambaa kipi, rangi ipi, kifungo cha aina gani. Mwenye karakana aliomba leseni, akapewa namba, na namba hiyo ikawekwa kwenye lebo ndani ya nguo. Aliyeshona nje ya maelekezo alinyang'anywa leseni. Maana yake ni kwamba Boss alikuwa na uhuru wa kubuni sawasawa na ulionao wewe unapoletewa oda ya sare za shule. Siku hizi wakusanyaji wa vitu vya vita hununua kwa bei mbaya koti lolote lenye lebo ya Boss ndani, na kwa sababu hiyo lebo za kughushi zimejaa. Hadithi ya kwamba alibuni imesaidiwa sana na soko hilo. Jina kubwa la leo limerudishwa nyuma likashonewa kwenye koti la jana.

Oda zilikuja kwa wingi. Sare za SA, za SS, za vijana wa Hitler, za posta, za reli, na kuanzia 1938 jeshi lenyewe. Mauzo ambayo mwaka 1932 yalikuwa kama Reichsmark 38,000 yalivuka milioni 3 mwaka 1941. Hata hivyo hakuwa mkubwa miongoni mwa washona sare wa Ujerumani. Mwaka 1944 alikuwa na wafanyakazi 300 na kidogo.

Wengi husimulia habari hii kama habari ya mtindo: koti jeusi, buti zinazong'aa, nani alichora. Mimi naona hapo ndipo macho yanapopotoshwa. Deni la kweli la kiwanda kile liko kwa watu walioketi kwenye cherehani zake. Kuanzia Aprili 1940 Boss alitumia watu waliochukuliwa kwa nguvu kutoka nchi zilizotekwa, wapatao 140, wengi wao wanawake, na wengi kati ya hao kutoka Poland. Kati ya Oktoba 1940 na Aprili 1941 walikuwepo pia mateka wa kivita wa Kifaransa 40. Walilala kwenye kambi, chakula hakikuwa cha uhakika, na usafi wa makazi ulikuwa wa kubahatisha.

Yuko msichana mmoja wa Kipoland ambaye habari zake zimehifadhiwa. Aliletwa Metzingen mwaka 1941. Miezi michache baadaye akatoroka kurudi kwao, kwa kuwa baba yake alihitaji msaada wa kulea wadogo zake. Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, wakamkamata, wakampeleka kambi ya mateso ya Auschwitz, kisha ya Buchenwald, akapigwa vibaya. Boss alipojua aliko alitumia watu aliowajua akamrudisha kiwandani. Aliporudi, msimamizi wa karakana alimfanyisha kazi bila huruma hadi akaanguka. Akapewa likizo ya ugonjwa. Julai 1943 alijiua. Boss alilipa nauli ya ndugu zake waje kumzika.

Habari hiyo haikubali kukunjwa ikakaa vizuri. Tajiri yuleyule aliyemtoa Buchenwald ndiye aliyekuwa na kiwanda ambacho msichana alikikimbia, na ndiye aliyemwajiri msimamizi yule. Inajulikana pia kwamba mwaka 1944 alijaribu kuwatafutia wafanyakazi wale malazi na chakula bora zaidi. Yaandike yote mawili kwenye daftari moja, usifute moja kwa kutumia jingine.

Vita vilipokwisha alishtakiwa mbele ya baraza la kuwachuja Wanazi. Mwaka 1946 likamweka kwenye kundi la waliokiunga mkono chama na kunufaika nacho, likamtoza Reichsmark 100,000 na kumnyima haki ya kupiga kura na ya kuendesha biashara. Alikata rufaa, akashushwa daraja hadi "mfuasi", kundi walimoishia Wajerumani wengi sana wa wakati ule. Mwaka 1948 akafa, kwa jipu la jino.

Kiwanda kikachukuliwa na mkwewe, Eugen Holy, mume wa binti yake. Kuanzia hapo, kwa miaka mingi, walioshika usukani walikuwa wa jina la Holy, ingawa mlangoni paliandikwa Boss. Na oda za kwanza baada ya vita? Metzingen iliangukia eneo lililokaliwa na jeshi la Ufaransa, kwa hiyo wakawashonea Wafaransa, jeshi la mateka wale wale 40. Wakashonea na Msalaba Mwekundu, kisha posta, reli, polisi. Cherehani haiulizi.

Sasa tufike kwenye swali lako la pili, ambalo kwa fundi ndilo tamu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 waliletewa oda ya suti za kiume, na kidogokidogo suti zikaanza kuzisukuma sare pembeni. Kwa mtazamaji huo ni mabadiliko ya kitambaa tu. Wewe unajua si hivyo.

Kwenye sare unapewa sampuli iliyopitishwa: rangi, uzito wa kitambaa, mfuko uwe sentimita ngapi kutoka pindo. Unatandaza kitambaa mezani tabaka juu ya tabaka, unaweka paterni, unakata makoti kadhaa kwa mkupuo mmoja. Kila mshonaji ana kipande chake, huyu kola tu, yule mikono tu, mwingine matundu ya vifungo kutwa nzima. Koti likimbana askari kwapani, shauri yake. Jeshi halibadilishi kiwanda kwa ajili ya kwapa. Suti inauzwa kwa mtu anayejigeuza mbele ya kioo, na akiona mkunjo mgongoni anaivua na kuondoka. Ndani ya kifua cha suti kuna kanvasi, kile kitambaa kigumu kinacholibeba koti na kuifanya kola ijikunje bila kulala kama sikio la mbuzi. Fundi wa mkono huishikiza kwa mamia ya mishono midogo ambayo haipaswi kuonekana upande wa nje. Viwanda vya baada ya vita vilijifunza kuibandika kwa gundi na pasi nzito. Suti ikashuka bei, na kiwanda kilichokuwa na nidhamu ya sare kikaweza kuishona kwa maelfu. Nidhamu hiyo Metzingen walikuwa nayo tele. Jicho la mtindo ndilo walilokosa.

Na kwa miaka yote hiyo, suti walizoshona hazikubeba jina lao. Walimshonea mwenye duka, akabandika lebo yake. Kwa hesabu yangu miaka 45 ya mwanzo ya kampuni hii ni miaka ya kushonea wengine: chama, jeshi, Wafaransa, reli, maduka. Ndiyo maana naona swali la "nani alibuni" halikai sawa. Kiwanda kile hakikuwa kimebuni kitu kikubwa kwa ajili ya mtu yeyote.

Jumba la mitindo lilizaliwa mwaka 1969, Eugen alipostaafu na wanawe wawili, Uwe na Jochen Holy, wakapokea. Mwaka 1970 suti za kwanza zenye lebo ya Boss zikatoka. Ukiniuliza siku ya kuzaliwa ya Hugo Boss unayemjua wewe, nitakupa mwaka huo, wala sitakupa 1924.

Jina nalo lilikuwa na bahati yake. Boss ni jina la ukoo tu, kama Mushi au Otieno. Lakini dunia ilikuwa imeshajifunza Kiingereza, na Kiingereza kikalifanya jina la babu mkopaji lisikike kama cheo. Nasi kwa Kiswahili tunasema bosi, kwa hiyo unaelewa lebo ile inamnong'oneza nini aliyevaa. Wajukuu waliliona hilo. Mwaka 1977 wakalisajili kama alama ya biashara.

Mambo mawili mengine waliyafanya kwa akili. La kwanza ni kumleta Werner Baldessarini, Mwaustria wa Kufstein, mwaka 1975. Huyo ndiye aliyekuja na jicho lililokosekana, na baadaye, kuanzia 1998 hadi 2002, akaiongoza kampuni nzima. La pili ni mbio za magari. Walianza kudhamini madereva na timu mapema miaka ya 1970, wakati washona suti wengine walikuwa bado wanatangaza kwenye kurasa za magazeti, na kuanzia 1981 jina lao likakaa kwenye magari ya timu ya McLaren kwa zaidi ya miaka 30. Mwanaume asiyefungua jarida la mitindo hata siku moja alilisoma neno Boss kila Jumapili ya mashindano. Suti ikaacha kuwa nguo ya karani, ikawa nguo ya mtu anayekwenda kasi. Miaka ya 1980, ile ya mabega mapana na pesa za haraka, ikawakuta wako tayari. Manukato yakatoka 1984, na mwaka 1985 hisa zikaanza kuuzwa kwenye soko la Frankfurt.

Nguo za kike zilichelewa hadi mwaka 2000, na mwanzo wake ulikuwa wa kujikwaa. Ofisi ya ubunifu iliwekwa Milan, mbali na waliokuwa wakikata na kushona, hasara ikaja, na mwaka 2002 ikarudishwa Metzingen. Fundi yeyote angewaambia mapema kwamba mchoraji na mkataji wasipokaa chumba kimoja, anayelipia ni mteja.

Kuhusu hela ya koti. Ndugu wa Holy waliuza sehemu kubwa ya kampuni mwaka 1989 kwa kundi la Kijapani, Leyton House. Mwenye kundi hilo alikamatwa mwaka 1991 katika kashfa ya mikopo ya benki, na mwaka huohuo Boss ikaenda kwa Marzotto, familia ya Kiitaliano yenye viwanda vya sufu tangu 1836. Baadaye wakaja Permira, wawekezaji wa Uingereza waliolinunua kundi lililoimiliki Boss mwaka 2007 na kuuza hisa zao za mwisho 2015. Leo hisa ziko sokoni, yeyote anaweza kununua. Frasers Group ya Uingereza, wanaojulikana zaidi kwa maduka ya vifaa vya michezo, ni miongoni mwa wenye fungu kubwa, na akina Marzotto nao wamerudi na kipande. Wajukuu wa Boss walishatoka. Ukoo wa Holy umebaki Metzingen na biashara nyingine: mji ule sasa umejaa maduka ya kuuza nguo za majina makubwa kwa bei ya punguzo, jambo lililoanzia kwenye mauzo ya mabaki ya kiwanda cha Boss, na Holy ndio wanaoliendesha.

Kwa hiyo kampuni ya leo haikurithi damu. Imerithi jina, na jina lilikuja na deni. Kwa miongo kadhaa walinyamaza. Mwaka 1997 jina la Hugo Boss likaonekana kwenye orodha ya akaunti zilizolala katika benki za Uswisi, magazeti yakaamka. Kampuni ikaagiza utafiti, mwanazuoni Elisabeth Timm akaufanya, nao hawakuuchapisha. Yeye akautoa mwenyewe. Kampuni ikakubali kuchangia mfuko wa Wajerumani wa kuwalipa waliofanyishwa kazi kwa nguvu. Kisha mwanahistoria wa uchumi Roman Köster akapewa kazi ya kuandika kitabu kizima kuhusu miaka ya 1924 hadi 1945. Kilitoka mwaka 2011, na kampuni ikaeleza masikitiko yake makubwa kwa walioumizwa katika kiwanda kile. Mengi niliyokuandikia kuhusu mateka na wanawake wa Kipoland tunayajua kwa kazi za watu hao wawili. Mimi nasema walichelewa, tena sana. Wengi wa waliostahili kusikia neno hilo walikuwa wameshakufa.

Kijana wako akirudi, mwambie sare zilibuniwa na wengine, na mwambie pia zilishonwa na nani.

Na mikono ya lile koti: kabla hujatia mkasi, angalia matundu ya vifungo vya mkononi. Kama ni mshono wa pambo tu usiokatwa, fumua, punguza kwa chini, rudisha vifungo kwa nafasi ileile. Kama yamekatwa kweli, ukipunguza chini vifungo vitabaki vimekaa ukingoni kabisa. Hapo mwambie mteja kazi ni ya begani, mkono utoke wote upachikwe upya, na bei yake ni nyingine.